Kipande Kitupu cha Mama Nthenya

Jumanne, 13 Oktoba 1987

Nimefika Matinyani na tayari sipapendi. Vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya daftari hili. Bwana Muli, mkubwa wangu pale kituo cha utafiti Kitui mjini, amenipa baiskeli, chuma cha kuchotea udongo, mifuko mia mbili ya karatasi na mashamba sita. Kazi ni kupima fosforasi iliyomo udongoni, kisha kupanda mahindi ya Katumani, yale yanayokomaa upesi, katika vipande vitatu kila shamba: kimoja kipewe mbolea ya dukani, kimoja mbolea ya boma, na kimoja kisipewe kitu chochote, tuone mmea unakula kiasi gani. Kwetu Kilungu watu wangekuja kutazama na kuuliza maswali. Hapa wananitazama kama mtu aliyekuja kunadi nyumba zao.

Nalala kwa Mzee Kiilu, katibu wa kikundi cha wakulima na mzee wa kanisa. Amenipa chumba kando ya stoo ya mbolea. Mke wake anapika muthokoi mzuri, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Huyu angalau ni mtu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Shamba la mwisho lilikuwa la Mutindi, anayeitwa Mama Nthenya kwa jina la binti yake aliyeolewa Migwani. Ni mjane wa Nzomo, kaka yake Mzee Kiilu. Baba yao alikuwa na wake wawili. Nzomo alizaliwa na mke mkubwa, Ndila, na Kiilu na yule mdogo. Nyumba hizo mbili hazijawahi kupendana, na sasa zinagombania mteremko ulioko chini ya shamba la mjane. Mama Nthenya analima nusu yake, Kiilu nusu nyingine, na ua wa matawi ya miiba umewekwa katikati.

Nilikuwa nimechota mara mbili tu aliponijia na jembe begani.

"Huo udongo unaenda wapi?"

"Kitui, mama. Kupimwa."

"Kupimwa! Mwezi wa kwanza wanakuja wale wa kupima mashamba. Wewe umetumwa utangulie?"

"Mimi napima chakula cha mmea, si mipaka."

"Na jina langu umeliandika kwenye mfuko kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema hata neno fosforasi. Akatema mate karibu na kiatu changu.

"Unalala kwa Kiilu. Unakula kwa Kiilu. Halafu unaniambia unapima chakula cha mmea." Akasimama katikati ya shamba. "Hapa juu chota. Ukivuka kwenda chini, hicho kiguu nitakivunja."

Basi nilichota vichoto vyote kumi na tano huko juu, kando ya njia, nikavichanganya kwenye ndoo nikaondoka. Kwenye fomu niliandika kama inavyotakiwa: shamba zima. Udongo ni udongo. Siwezi kuvunjwa mguu kwa ajili ya fomu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Majibu ya maabara yamerudi. Mahindi yanataka angalau sehemu ishirini za fosforasi kwa milioni. Mashamba yote sita yana njaa. La Mama Nthenya ndilo baya zaidi: tano.

Nilifurahi kidogo. Si jambo zuri kuandika, lakini nilifurahi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Tumepima vipande. Kwa mjane nilikwenda na naibu chifu ili nisipigwe. Mzee Kiilu alikuja pia, akasimama upande wake wa miiba akitoa ushauri. "Kile kitupu kiweke huko chini," aliniambia. Nikakiweka huko chini.

"Kwa hiyo hiki hakipewi kitu," alisema Mama Nthenya.

"Hakipewi. Ndiyo maana ya jaribio. Hata samadi kidogo usiweke, hata majivu."

"Nimezika mume. Nimelea watoto wanne kwa shamba hili. Sasa mtoto wa Kilungu anakuja kunipangia ni wapi nitakufa njaa."

Naibu chifu alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 3 Novemba

Mvua. Hatimaye.

Alhamisi, 5 Novemba

Tumepanda mashamba matatu. Mgongo wote unauma. Kwa mjane hakuna aliyeniletea maji ya kunywa.

Jumatatu, 9 Novemba

Mvua. Baiskeli imezama hadi kwenye mnyororo.

Ijumaa, 20 Novemba

Mahindi yana majani manne matano, na udongo umeanza kusema. Katika vipande vitupu vya mashamba matano majani yamekuwa ya zambarau pembeni, mimea imedumaa kama watoto wenye utapiamlo. Hiyo ndiyo njaa ya fosforasi, kama ilivyo vitabuni. Vipande vya mbolea vimenyooka.

Kwa Mama Nthenya sijaenda wiki nzima. Nimekuwa nikijitafutia sababu.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimeenda. Kipande chake kitupu ndicho kizuri kuliko vyote Matinyani! Majani mapana, kijani kizito, mabua kama kidole gumba changu. Kimekipita hata kile cha mbolea ya dukani kilicho juu yake.

Ametia mbolea. Hakuna maelezo mengine. Udongo wenye fosforasi tano hauoteshi hivyo. Nilirudi kwa Mzee Kiilu nikamweleza tulipokuwa tukinywa chai. Hakushangaa hata kidogo.

"Sikutaka kusema," alisema, "lakini gunia moja la stoo limepungua. Na yule mama alipita hapa siku ile ulipokuwa mjini."

Nilikwenda kutazama. Kweli limepungua.

Msimu mzima wa kazi yangu umeharibiwa na mwanamke anayenichukia. Kesho kikundi kinakutana shambani kwake. Nitasema.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimesema.

Walikuwepo watu kama ishirini. Niliwaonyesha mahindi, nikawasomea hesabu za maabara, kisha nikamgeukia nikamuuliza mbele ya wote alikoitoa mbolea.

"Mbolea gani?"

"Iliyoibwa stoo."

Alifunga kanga upya kiunoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Unaniita mwizi mimi? Katika shamba langu?"

"Mahindi ndiyo yanayosema, mama. Si mimi."

Alipiga hatua kuja kwangu, nikarudi nyuma, watu wakacheka. Na sijui walikuwa wakimcheka nani. Hakunipiga. Alitazama wanawake wa kikundi mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akaangalia chini. Kisha akaingia kwake akafunga mlango.

Kikundi kimemtoa. Kura zilikuwa kumi na saba.

Jumapili, 29 Novemba

Mzee Kiilu amesoma jina la Mama Nthenya kanisani. Amezuiwa meza ya Bwana mpaka atubu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani. Hakuondoka. Aliimba nyimbo zote mpaka mwisho.

Nilitarajia kujisikia vizuri zaidi ya hivi.

Alhamisi, 3 Desemba

Siku ya tisa bila mvua. Nimechapwa na jua.

Jumapili, 6 Desemba

Baada ya ibada sikutaka kurudi kwa Mzee Kiilu kusikia habari za mjane tena. Nilipanda kilima kilicho ng'ambo ya korongo, nikakaa juu ya jiwe. Kutoka pale mteremko wote unaonekana kama kitambaa kilichotandikwa.

Nikaona jambo ambalo sasa siwezi kuacha kuliona. Jua limeanza kuyakausha mahindi kila mahali, yamekunja majani na kupauka. Lakini kule chini kuna kijani kilichobaki, na hakifuati kipande changu. Nilipima vipande kwa kamba, vimenyooka kama rula. Hiki kijani ni cha mviringo. Kinaanzia ndani ya kipande kitupu cha Mama Nthenya, kinapanda kidogo hadi kile cha mbolea ya dukani, halafu kinavuka ua wa miiba na kuingia kwa Kiilu. Nusu ya duara iko kwa mjane, nusu iko kwa shemeji yake.

Mwizi gani wa mbolea anaimwaga kwa mviringo? Na ni lini Mama Nthenya alikwenda kulisha mahindi ya Kiilu?

Nimekaa pale mpaka nikasikia njaa. Nimemwita mwizi mbele ya watu ishirini.

Jumanne, 8 Desemba

Nilikwenda asubuhi na jembe langu mwenyewe. Alikuwa akipalilia kunde. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikamwambia nataka kuchimba shimo katika kipande kitupu.

"Unatafuta gunia lako?"

"Natafuta kosa langu."

Hakuniruhusu, wala hakunizuia. Nikachimba. Nusu shubiri ya kwanza ni udongo mwekundu ulioletwa na mvua kutoka juu, kama popote Matinyani. Chini yake jembe likabadilisha sauti. Udongo ukawa wa kijivu, laini, mwepesi, na majivu ndani yake, na kipande cha mfupa wa mbuzi. Niliupondaponda kwa vidole nikajua. Mavi ya mifugo, ya miaka mingi, yaliyokanyagwa yakawa kama keki. Fosforasi haitembei. Mvua haiondoki nayo kama inavyoondoka na vyakula vingine vya mmea. Inashikamana na udongo pale ilipoachwa, ikingoja mzizi uifikie. Mifugo huondoka, nyumba huanguka, yenyewe inabaki.

"Mama," niliuliza nikiwa ndani ya shimo, "hapa palikuwa na boma?"

Jembe lake likasimama.

"Unaniuliza leo," alisema. "Siku ile ya kwanza nilisimama hapa hapa. Hukuuliza."

Kisha akanieleza, akiwa amenigeuzia mgongo, kama anayewaambia kunde. Ndila, mama mkwe wake, alikuwa na boma hapo, ng'ombe wanane na mbuzi wasiohesabika. Yeye mwenyewe alilikuta alipoletwa kama bibi harusi. Ng'ombe walipokufa kwa ukame Ndila akahamia juu, karibu na barabara, na miti ya boma ikawa kuni. Sasa Kiilu anaiambia kamati ya mashamba kwamba mteremko ule ulikuwa msitu, na mama yake, yule mke mdogo, ndiye aliyeufyeka wa kwanza. Wazee waliojua wamekufa. Aliyebaki mmoja anakula kwa Kiilu.

"Kama wewe," aliongeza.

Nilichota upya. Safari hii nilipima hatua tano tano, mteremko wote, kila kichoto mfuko wake. Nilipofika kwenye miiba nikavuka. Hakuna aliyeniona upande wa Kiilu, au waliniona wakanyamaza.

Jumapili, 13 Desemba

Mvua imerudi. Jina la Mama Nthenya limesomwa tena.

Ijumaa, 18 Desemba

Nimekwenda maabara mwenyewe, sikutaka kungoja karani. Nje ya duara: tano, nne, sita, tano. Ndani yake: sitini na nane, sabini na moja, sitini na tatu. Upande wa Kiilu vilevile.

Bwana Muli alitazama karatasi, akavua miwani.

"Hiki kipande kifute. Andika mbuzi walikula."

"Mbuzi hawakula."

"Muthama, sisi ni watu wa udongo. Mambo ya ardhi yana wenyewe. Ukiingia huko kituo chote kitatolewa Matinyani."

"Nilimwita mtu mwizi, bwana."

"Basi mwombe msamaha faraghani, unywe chai, uendelee na kazi." Akaniuliza tena, taratibu, "Lakini kwanza, fomu yako ya Oktoba ilionyesha tano, shamba zima. Hizi sitini zilikuwa wapi?"

Nikaikunja ile karatasi. Alijua.

Jumapili, 20 Desemba

Nimemwambia Mzee Kiilu. Nilidhani mtu wa kanisa nitamwambia na atasikia.

Alimaliza kutafuna kwanza. "Umekula kwangu miezi miwili."

"Ndiyo, mzee. Nashukuru."

"Umelala kwangu. Mke wangu amekufulia nguo. Na ulivuka ua wangu kuchimba kama fuko."

"Lile gunia, mzee. Nani alilipunguza?"

Mke wake akainuka ghafla kwenda kutazama jiko ambalo halikuwa na moto. Mzee Kiilu akasukuma sahani pembeni. Alinitazama tu, na katika macho yale hakukuwa na mzee wa kanisa. Nimekumbuka ni nani aliyeniambia niweke kile kitupu huko chini. Sijui kama alijua patakavyoota. Analima nusu ya duara lile miaka yote, anawezaje kutojua?

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula mkate na chai chumbani. Hakuna aliyenibishia hodi.

Jumatano, 6 Januari 1988

Kamati ya mashamba ilikaa katika darasa la sita, shule zikiwa zimefungwa. Wanaume wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, wanawake wamesimama madirishani. Mwenyekiti ni Mzee Nzioka, aliyekuwa fundi wa reli, mtu asiyecheka.

Kiilu alisema kwa ufasaha. Msitu, mama yake, panga, mwaka. Yule mzee wake aliitikia kila neno. Kisha Mama Nthenya akasema maneno machache na makali, akamtukana Kiilu mara mbili, akaambiwa akae. Nilimwona anashindwa. Nikainua mkono.

Niliwasomea hesabu. Wakasikiliza kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine. Mzee Nzioka akanyoosha kidole.

"Wewe ndiye uliyesema mama huyu ni mwizi?"

"Ndimi."

"Ukatumia karatasi za maabara hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Karatasi ya kwanza inasema ulichota shamba zima. Ulichota?"

Nilitazama nyuma. Bwana Muli alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia magotini.

"Sikuchota. Nilichota juu tu, nikaandika uongo. Mama huyu alinitisha, nami nilikuwa mvivu na nilikuwa nimeshamchukia."

Darasa likavuma. Kiilu akasimama. "Mwaona! Mwongo kwa kinywa chake mwenyewe! Na huyu ndiye shahidi?"

"Basi tukuamini kwa nini?" aliuliza Mzee Nzioka.

"Msiniamini. Majembe mnayo. Nendeni mchimbe mnapotaka ninyi, mimi nitakaa hapa."

Wakaenda. Nilibaki darasani peke yangu, nikitazama ramani ya Kenya ukutani mpaka nikajua kila mto. Walirudi baada ya saa mbili, miguu imejaa udongo. Walichimba mahali sita. Juu na kando, udongo mwekundu mtupu. Ndani ya duara, pande zote mbili za miiba, kijivu. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameleta bonge mkononi. Alilivunja juu ya dawati, mbele ya mwenyekiti, akalinusa.

"Mimi nimefagia boma miaka hamsini," alisema. "Msinifundishe harufu hii. Msitu hauna mavi ya ng'ombe."

Kiilu akasema huenda ni boma la mama yake. Mzee Nzioka akamgeukia.

"Asubuhi ulisema ni msitu."

Alhamisi, 7 Januari

Nimekuta sanduku langu nje, nguo juu yake, zimefuliwa na kukunjwa. Mke wa Kiilu alisimama mlangoni. Nimepata kitanda nyuma ya duka sokoni.

Ijumaa, 15 Januari

Kamati imeamua: mteremko ni wa nyumba ya Ndila. Wameng'oa miiba.

Barua yangu nayo imefika. Nimeandika fomu ya uongo na nimeingilia mambo ya ardhi. Kazi inaisha mavuno yakiisha. La pili silikubali. La kwanza ni kweli.

Jumapili, 7 Februari

Kanisani wamemrudishia Mama Nthenya meza ya Bwana, lakini kwa sauti ya chini, kati ya matangazo ya harusi na ya mkutano wa akina mama. Jina lilipochafuliwa lilisomwa kwa sauti ya tarumbeta. Nikasimama bila kuitwa. Nilisema mimi ndimi niliyemwita mwizi, kwamba hakuiba, kwamba nilisema uongo kwenye fomu na uongo ule ukazaa ule mwingine.

Mchungaji alifurahi sana. Akamwomba Mama Nthenya asimame anipe mkono wa msamaha mbele ya kanisa.

Alisimama. "Nimemsikia," alisema. "Mkono nitampa nikitaka mimi, si mkitaka ninyi." Kisha akawageukia wale wa kikundi. "Na ninyi kumi na saba mlionipigia kura nitoke, bado sijamsikia hata mmoja."

Akakaa. Hakuna aliyejua wimbo upi ufuate.

Alhamisi, 11 Februari

Tumevuna vipande vyote na kupima. Nimekabidhi daftari za kazi. Kipande kitupu cha Mama Nthenya nimekiandika kama kilivyo, uzito wa mavuno na yote, na sababu yake ukurasa mzima. Kama Bwana Muli atakifuta, atafuta kwa mkono wake.

Ijumaa, 12 Februari

Kesho naondoka kwenda Kilungu. Asubuhi nilipita kumuaga. Alikuwa chini mteremkoni akipanda makonge kwenye mpaka mpya, peke yake, na alikuwa na mashimo kama arobaini bado. Nilimwamkia. Akaitikia, mara ya kwanza, lakini hakuinua kichwa. Kulikuwa na jembe la pili chini. Nikalichukua nikaanza kuchimba kutoka upande mwingine.

Kila nilipomaliza shimo alikuja kulitazama. Mawili alisema hayafiki, nikayarudia. Jua lilipofika utosini tukakutana katikati. Alikaa chini, akamimina uji katika kikombe kimoja, akanywa nusu, akanipa nusu.

"Leo nimechoka kukuchukia," alisema. "Nitaendelea kesho."

"Kesho sitakuwepo, mama."

Alipangusa midomo kwa kanga.

"Hiyo si shida," alisema. "Kilungu si mbali."